Gioza Mwezi wa Ufuta

Gioza haziendani na haraka, na mwezi wa sita nyumba yetu ya Nanganga imejaa haraka tupu. Ufuta ukishaanza kukauka haumsubiri mtu. Ganda lake hupasuka lenyewe na kumwaga mbegu chini, na mbegu ndogo kiasi kile ikishazama mchangani haiokotwi. Kwa hiyo hukatwa mapema, majani yakianza kugeuka manjano, ukafungwa miganda, na miganda ikasimamishwa kwa kuegemezana vichwa juu hadi ikauke, ndipo ipinduliwe na kukung'utwa juu ya turubai. Mwaka mmoja mjomba aliogopa wezi wa shambani, akaagiza sehemu ya miganda iletwe uani. Uani ndipo tunapopikia. Na ndiko mdogo wangu alikoamua kutupikia chakula cha Kijapani.

Mdogo wangu ni mwalimu wa sayansi. Alipoanza kazi alipangiwa nyumba moja na mwalimu wa kike kutoka Japani, mmoja wa wale vijana wa kujitolea ambao nchi yao imekuwa ikiwaleta Tanzania tangu mwaka 1967. Waliishi vizuri. Mgeni alijifunza kusonga ugali, mwenyeji akajifunza gioza. Likizo ilipofika akashuka kwenye basi pale njia panda, ambapo barabara ya Ruangwa na Nachingwea inaachana na ile iendayo Ndanda na Masasi, na ndani ya begi lake mlikuwa na chupa moja ya sosi ya soya na moja ya siki. Vingine vyote, alisema, vinapatikana hapahapa. Mama alimtazama tu akapokea begi.

Usiku ule alitueleza. Gioza ni duara jembamba la unga wa ngano, linajazwa nyama na kabichi iliyokatwakatwa, linakunjwa nusu, kisha ukingo mmoja unafinywa mikunjo midogo na kubanwa kwenye ule mwingine. Mwenye kuijua sambusa ameshaijua nusu ya gioza. Nusu iliyobaki ni maji. Sambusa unaitumbukiza kwenye mafuta mengi, na mafuta ndiyo yanayofanya kazi yote. Gioza unazipanga kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, zinakaangika upande wa chini peke yake, kisha unatia maji na kufunika. Mvuke unaivisha juu. Maji yakishakauka unafunua, na chini kunakaangika tena hadi kunakuwa kukavu. Ukiuma, meno yanakutana na ukavu unaovunjika, na hapohapo na ulaini.

Bibi akauliza zimetoka wapi, maana kwake chakula hakijulikani hadi ujulikane ukoo wake. Asili yake ni China, ambako jamii ya gioza huchemshwa zaidi na hutosha kuwa mlo mzima. Wajapani wengi, askari na raia, walikuwa wakiishi Manchuria, kaskazini mwa China, hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Waliorudi kwao waliikuta nchi ina njaa, na ujuzi wa kukunja unga na mboga wakaugeuza riziki ya kando ya barabara. Mji wa Utsunomiya, kaskazini mwa Tokyo, ulikuwa na kikosi kilichopelekwa Manchuria, na leo una sanamu ya gioza ya jiwe. Mji wa Hamamatsu nao huzipanga kwa duara sahanini na katikati huweka machipukizi ya choroko yaliyochemshwa. Kila mwaka takwimu za serikali zinaonyesha kaya za mji gani zimenunua gioza zaidi, na miji hiyo miwili imezoea kunyang'anyana nafasi ya kwanza, ingawa mwaka 2021 Miyazaki, wa kusini, uliipita yote miwili.

Bibi alisikiliza, kisha akasema njaa ya vita vile anaijua. Ilifika hadi huku. Mama yake alimsimulia matrekta yaliyokuja Nachingwea baada ya vita kung'oa misitu, Waingereza walipotaka karanga ili wapate mafuta kwa majiko ya kwao. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Nilimtazama bibi nikajisikia mwenye bahati kuwa na mtu wa kuunganisha vitu viwili ambavyo kitabu cha shule kingeviweka kurasa mbalimbali.

Tatizo la kwanza lilitokea kabla hata jiko halijawashwa. Mdogo wangu alisema, kwa ukweli wake wa kialimu, kwamba Japani nyama yake hasa ni ya nguruwe. Mwanangu wa pili aliisikia sentensi hiyo moja akaondoka nayo. Asubuhi ilikuwa kwa jirani, mchana ilikuwa dukani, na magharibi simu ikalia kutoka Nachingwea, alikokuwa mjomba akifuatilia malipo ya ufuta. Sisi ni Wamwera, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake.

"Nasikia Jumamosi mnanipikia kitimoto."

"Hapana, mjomba," mdogo wangu alisema, jasho likimtoka. "Ni kuku."

"Kuku wa nani?"

"Jogoo wa bibi."

Bibi alikuwa amekaa palepale mkekani, na ndiyo kwanza alikuwa anaisikia habari ya jogoo wake. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kama ni kwa ajili ya mwanawe, sawa, ila atakula shingo yeye.

Kuku anafaa, na Wajapani wenyewe humtumia, lakini kuku wa kienyeji ana nyama kavu isiyo na mafuta, na kijazo kikikosa mafuta huwa makapi. Mdogo wangu aliikata nyama pamoja na ngozi kwa kisu, akaigonga na kuigonga hadi ikawa inanata. Akatia tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, na majani ya vitunguu mahali pa majani mengine ambayo Wajapani hutumia na huku hayapo. Kabichi aliikata ndogo sana, akainyunyizia chumvi, akaiacha robo saa, akaifunga kwenye kitambaa cha kanga safi na kuikamua. Bakuli likajaa maji ya kijani.

Hapo sina budi kumtetea mama yangu. Mwezi wa sita mvua zimeshakatika, na ndoo ya maji inakujia kichwani mwa mtu. Mama amelea watoto kwa kutomwaga kitu. Aliyaona maji ya kabichi, yana rangi, yana chumvi, yana harufu nzuri, na mtoto wake msomi ameyasogeza kando kana kwamba ni uchafu. Mdogo wangu alipokwenda kwa bibi kufuata mafuta, mama aliyamimina yote kwenye nyama na kukoroga vizuri, ili kijazo kipate mchuzi. Alifanya hivyo kwa mapenzi.

Huko kwa bibi kulikuwa na jambo ambalo hadi leo nikilisimulia sauti inabadilika. Gioza inataka mafuta ya ufuta, kijiko kimoja tu ndani ya kijazo, na ndiyo yanayoipa harufu ambayo mtu huitambua kabla sahani haijafika. Nyumba yetu ilikuwa na ufuta uani, ufuta shambani, na ufuta kwenye magunia chumbani, ule mweupe wa mbegu ya Lindi 2002 iliyotolewa na watafiti wa Naliendele. Tone la mafuta yake hatukuwa nalo. Sisi tunanunua mafuta ya alizeti ya kupima kwa kikombe, na ufuta wetu tunaupeleka chama cha msingi, chama kinaupeleka ghalani, na RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinausimamia hadi mnadani. Ukishauzwa umekwenda.

Bibi alipekua kumbukumbu zake na mikono ikamfuata. Alichambua ufuta kwenye ungo, akaukaanga kwenye chungu kwa moto mdogo huku akikoroga bila kuinua mwiko, hadi mbegu zikaanza kuruka na kupasuka. Akautwanga kinuni hadi ukawa uji mzito unaong'aa. Akautia maji ya moto kidogo kidogo, akauweka jikoni uchemke polepole, na mafuta yakaanza kupanda juu, ya rangi ya asali. Akayaengua kwa upawa, akayarudisha motoni hadi maji yaliyobaki yakaisha na mlio wa kuchemka ukakoma. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya ufuta ni mafuta. Kwa mikono hupati yote, lakini kikombe kilipatikana.

Harufu ilijaa ua mzima. Mimi nimezaliwa katikati ya ufuta, nimesomeshwa kwa ufuta, nimeolewa kwa mahari iliyolipwa baada ya mauzo ya ufuta, na siku ile ndipo nilipoijua ladha yake. Mdogo wangu alichovya kidole akalamba, machozi yakamlenga. Ilikuwa harufu ileile ya kichupa kidogo ambacho mwenzake Mjapani alikuwa akitumiwa na wazazi wake na kukitunza kwa matone. Japani hulima ufuta kidogo mno na karibu wote inaoutumia huuagiza nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia. Kile kichupa, kwa hiyo, huenda mbegu zake zilianza safari kwenye turubai la mtu wa Ruangwa.

Unga ulikuwa umeshakandwa kwa maji ya moto na kupumzishwa. Watoto walisukuma vipande kwa kifimbo cha chapati, sisi wakubwa tukajaza na kufinya. Gioza zikajaa sinia zima la bati, na mikunjo yake ilivutia kutazama. Kilichobaki ni mjomba.

Mjomba alisema anafika saa kumi. Gari alilopanda likapakia abiria wengine, likasimama Ruangwa, likasimama tena njiani. Kwenye sinia kazi ilikuwa ikiendelea bila sisi kujua. Maji ya kabichi yaliyorudishwa kwa siri yalianza kushuka, yakaulowesha unga kutoka ndani, unga ukalainika, ukashikana na bati, gioza moja ikashikana na ya pili. Saa kumi na mbili mjomba aliposhuka na wenzake wawili, wakulima wa Nachingwea, mdogo wangu aliinua gioza ya kwanza. Ikainuka bila kitako. Nyama ilibaki kwenye sinia.

"Nani ametia maji humu?" aliuliza kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia.

Mama hakujibu. Alikuwa akiwapokea wageni kwa heshima kubwa isiyokwisha.

Zilipatikana chache zilizokuwa pembeni, bado nzima. Baba watoto wangu, ili kuokoa jahazi, alikuwa amepepea mkaa hadi ukawa mwekundu mtupu na kutia kwenye kikaango mafuta mengi kuliko yaliyotakiwa. Mafuta yalikuwa yakitoa moshi. Mdogo wangu alizipanga, zikachachatika, akageuka kutafuta mfuniko, ambao mtoto aliuchukua kufunikia unga. Sekunde hizo zilitosha. Mume wangu alikumbuka somo la usiku: zikishakaangika, unatia maji. Alichukua jagi zima akamimina.

Anayepika anajua kilichofuata. Maji ni mazito kuliko mafuta, huzama chini yake, na chini kule joto huyageuza mvuke mara moja, na mvuke ukitoka hurusha mafuta juu na pande zote. Matone yakaangukia mkaa, mwali ukasimama urefu wa mtu. Tulipiga kelele. Watoto walirudi nyuma, namshukuru Mungu, bila hata mmoja kuunguzwa. Lakini cheche zilirukia miganda ya ufuta iliyokauka, na mganda mmoja ukashika moto.

Mjomba alikuwa bado na mkoba begani. Aliuvuta ule mganda peke yake, akauburuta hadi mchangani mbali na wenzake, akaukanyagakanyaga kwa viatu vyake vya safari, na wale wageni wawili wakamwaga mchanga kwa mikono. Mume wangu alishika ndoo ya maji aizimie kikaango, na bibi akamkemea kwa Kimwera neno ambalo mkwe haambiwi. Akalinyanyua lile sinia, gioza zikaporomoka chini, akalifunika juu ya kikaango kwa mikono yake miwili. Mwali ukakosa hewa ukafa. Moto wa mafuta huzimwa hivyo, kwa kufunikwa, au kwa mchanga. Bibi hakufundishwa na mtu wa zimamoto.

Kuku wa jirani walikuja wakazila zilizoanguka. Majirani wakaja pia, wakiwa na ndoo, na wakakaa.

Wageni hawawezi kulala njaa. Mifupa ya jogoo ilikuwa imechemka tangu mchana kwa ajili ya supu ya watoto. Mdogo wangu alifuta macho, akakusanya unga uliobaki na kijazo kilichokuwa chini ya bakuli, akakikamua vizuri safari hii, akafinya gioza nene zisizo na urembo, akazitumbukiza kwenye supu inayochemka. Zilipopanda juu akazipa muda kidogo, akapakua na mchuzi wake, akadondoshea mafuta ya bibi. Huko Japani ni namna inayokubalika kabisa, na iko karibu zaidi na asili yake ya China. Wageni waliimimina sosi ya soya bakulini hadi chupa ikakauka. Mmoja wao, mtu aliyeuza ufuta maisha yake yote, alilinusa bakuli lake kwa muda mrefu, akauliza haya mafuta yametoka nchi gani. Bibi alimwonyesha uani kwa kidevu.

Kesho yake zilipikwa zilivyotakiwa, na mama ndiye aliyekamua kabichi. Aliifunga kwenye kanga na kuinyonga hadi halikutoka hata tone. Maji yake akayatia kwenye kisamvu kilichokuwa kikichemka kando, na kisamvu kikapendeza. Bibi alileta unga wa muhogo, tukaunyunyiza kwenye sinia na kati ya duara moja na jingine, zisishikane tena. Wajapani hutumia wanga wa viazi kwa kazi hiyohiyo. Unga ulikuwa vikombe viwili kwa maji ya moto nusu kikombe na kidogo, ukakandwa hadi ukalainika, ukafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu nusu saa. Duara lilisukumwa upana wa kiganja cha mtoto, katikati likaachwa nene kuliko ukingoni, kwa sababu katikati ndipo panapobeba uzito na ukingoni unga unakuja kuwa mara mbili. Kijazo ni kijiko kidogo tu. Ukingo unapakwa maji kwa kidole, na hewa inatolewa kabla ya kubana, maana hewa ikibaki ndani hupasua.

Mkaa ulitandazwa ukapunguzwa. Tulitumia kikaango kizito cha chapati, na mfuniko ukawekwa mkononi mwa mtu kabla ya kitu kingine chochote. Gioza zikakaa kwenye mafuta kidogo hadi chini kukawa na rangi ya kahawia. Yakatiwa maji ya moto, yafike theluthi ya kimo chake, yakiwa yamekorogewa kijiko kidogo cha unga, na mfuniko ukashuka papo hapo. Ndani kukavuma. Baada ya dakika tano hivi mvumo ukageuka mchachato, dalili kwamba maji yamekwisha, tukafunua. Ule unga kidogo ulikuwa umekauka ukaziunganisha gioza zote kwa utando mwembamba unaovunjika. Sahani ikafunikizwa juu, kikaango kikapinduliwa, na zikatoka kwa pamoja, mgongo wa kahawia ukiangalia juu. Ndivyo zinavyoandaliwa, ili mvuke usilowanishe ule ukavu uliofanyiwa kazi.

Kuzila nako kuna adabu yake. Zinaliwa zikiwa za moto. Unauma ncha kwanza, mvuke utoke, ndipo umalize, la sivyo ulimi unaungua. Unachovya kidogo upande mmoja tu. Kawaida ni sosi ya soya na siki nusu kwa nusu pamoja na tone la mafuta ya ufuta yaliyokaangiwa pilipili kavu, na sisi pilipili kichaa tunayo. Sosi ilikuwa imekwisha, tukachovya kwenye siki yenye pilipili manga nyingi, namna ambayo siku hizi Wajapani wengi wanaipenda. Mimi ndiyo niliyoichagua hadi leo, kwa sababu haiufuniki ufuta. Wajapani huzila na wali pembeni. Mjomba alizila na ugali wa muhogo, na sikuona kilichopungua.

Alipomaliza alinawa, akaenda chumbani kuhesabu magunia ya kupeleka ghalani. Bibi alimfuata. Tuliwasikia wakibishana, mjomba akitaja bei ya kilo ya mnada uliopita na malipo ya kibarua cha kuvuna, bibi akitaja kikombe. Mwisho mjomba alitoka ameinamisha kichwa kumpa heshima mama yake, na debe moja la ufuta likahamishiwa chini ya kitanda cha bibi. Magunia yenyewe alianza kuyashona.

Mama naye alikuwa ameshaloweka mbaazi za kijazo, kwa sababu jogoo hakuwepo tena na mbaazi tulikuwa nazo tele. Mdogo wangu alimpigia simu mwenzake wa zamani kumuuliza kama zitafaa. Zitafaa, alijibiwa, mradi zipondwe bila maji.